MALEZI NA SHULE: Sababu Isiyoandikwa Katika Rejesta

Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, mwalimu wa darasa hufungua rejesta na kuita majina. Aliyepo huitikia, akatiwa alama yake. Asiyekuwapo hutiwa alama ya utoro, na kazi ya siku ikaendelea. Karani yeyote aliyezoea vitabu atasema kwamba kazi hiyo imefanywa vema, maana safu zimejaa na jumla imepatikana. Lakini rejesta ina upungufu mmoja ambao mwandiko mzuri hauwezi kuuondoa. Yaeleza ni nani hakuja; haielezi ni kwa nini. Na kwa habari ya mtoto wa shule ya msingi, hiyo sababu ndiyo jambo lenyewe.

Zamani sababu haikutafutwa sana. Mtoro alipotokea siku ya tatu aliitwa mbele, akachapwa, akarudishwa kwenye dawati lake, na wenziwe wakapata onyo. Wazazi wengi waliridhika, wakisema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Si haki kudhani kwamba walimu wale walikuwa watu wakatili, wengi wao waliwapenda wanafunzi wao, na hawakuwa na dawa nyingine mkononi. Lakini sheria ya Kenya imekwisha kukata shauri hilo. Fimbo iliondolewa shuleni kwa amri ya serikali mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya mwili na mateso ya moyo kwa kila mwanafunzi. Basi mwalimu amenyang'anywa fimbo. Swali lililobaki ni kama amepewa kitu kingine badala yake.

Mkulima wa kahawa hahitaji maelezo marefu katika jambo hili. Akiona majani ya mkahawa yamegeuka manjano, hauchapi mti. Huinama, akatazama shina, akachimbua kidogo penye mizizi, na akishindwa humwita bwana shamba. Katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru, wataalamu walifanya kazi miaka mingi kutafuta mbegu iwezayo kustahimili ugonjwa wa chule na ugonjwa wa kutu ya majani, hata mwaka 1985 wakaitoa ile iitwayo Ruiru 11. Kama mti umestahili uchunguzi wa namna hiyo, mtoto anastahili zaidi.

Miji hii miwili, Thika na Ruiru, yafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu shida za watoto wake zimetokana na jinsi miji yenyewe ilivyokua. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Yakaja mashamba ya mkonge na kahawa, kisha mananasi, kisha viwanda, na watu wakatoka kila upande kutafuta kazi ya mshahara. Ruiru kwa miaka mingi ilikuwa mji mdogo katikati ya mashamba ya kahawa. Lakini barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika ilipomalizika kupanuliwa mwaka 2012, mashamba mengi yaligeuzwa viwanja, na nyumba za kupanga zikaota kama uyoga baada ya mvua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji wa Ruiru ulipatikana na watu 490,120, na Thika watu 251,407. Maana yake ni kwamba mji uliokuwa mdogo sasa karibu ni mara mbili ya ule mkubwa.

Watu wengi wa miji hii huishi katika chumba cha kupanga, na hutegemea kibarua cha siku. Kodi ikishinda, jamaa huhama usiku, na mtoto hubadili shule au hukosa shule kabisa. Nyanya na shangazi, ambao kijijini wangalimtunza mtoto mchana, wamebaki mbali. Jirani wa leo si jirani wa mwezi ujao. Kule kijijini mtoto aliyekosa shule alionwa na watu kumi kabla ya adhuhuri, na kila mmoja alikuwa na haki ya kumwuliza. Katika mtaa wa vyumba vya mabati aweza kukaa juma zima asiulizwe na mtu.

Msomaji na achukue mfano mmoja. Mfano huu si habari ya mtu mmoja anayejulikana. Umeunganishwa kutokana na mambo ambayo walimu na wahudumu wa jamii hukutana nayo mara kwa mara.

Yuko mvulana wa miaka kumi, mwanafunzi wa Gredi ya Nne. Anakaa Kiandutu, mtaa wa maskini ulioko kando ya mji wa Thika, ambao jina lake latokana na neno la Kikuyu ndutu, yaani funza. Katika muhula wa tatu alianza kukosa shule Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine alifika mapema, safi, wala hakuwa mkorofi. Mwalimu wake alifikiri amejiunga na watoto waokotao vyuma chakavu ili kuviuza. Alimwuliza, na mtoto akainamisha kichwa. Alimwuliza tena kwa ukali, na mtoto akasema alikuwa mgonjwa. Juma lililofuata akawa mgonjwa Jumanne na Alhamisi vilevile. Ugonjwa unaofuata kalenda hauaminiki, na mwalimu akampelekea mama yake barua yenye maneno makali. Barua haikujibiwa.

Ndipo habari ikapelekwa kwa mhudumu wa jamii, mwanamke wa makamo aliyekuwa akizungukia shule za upande ule. Yeye hakumwita mtoto ofisini. Aliuliza kwanza kwa majirani ni saa ngapi mama huyo hupatikana nyumbani, akaambiwa hapatikani mchana. Basi alikwenda jioni ya Jumatano, jua likiwa limekwisha kutua.

"Hodi hapa."

"Karibu. Ikiwa umetumwa na shule, mwambie mwalimu kwamba nimekwisha kumpiga."

"Sikuja kwa habari ya kupiga, Mama. Nimekuja kukuuliza siku yako inavyokwenda."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akampindulia debe akae. Naye akaeleza. Ilikuwa majira ya kuchuma kahawa, miezi ya Oktoba na Novemba. Katika shamba moja upande wa Ruiru, siku za kuchuma zilikuwa Jumanne na Alhamisi, na gari la kuwachukua wachumaji lilipita kabla ya mapambazuko. Malipo yalikuwa kwa debe: aliyejaza mengi alipata zaidi, aliyechelewa hakupata kitu. Baba wa watoto aliondoka kutafuta kazi pwani, na habari zake zilikatika. Tena nyumbani alikuwako mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka.

"Siku nyingine huosha nguo za watu hapa karibu, nikambeba mgongoni," alisema. "Lakini kule shambani msimamizi hataki watoto wachanga. Nimfanye nini, dada yangu? Nimtie mfukoni?"

Mvulana alikuwa ameketi pembeni akisikiliza. Mhudumu alipomwomba daftari zake, alizileta zimefungwa katika karatasi ya nailoni. Ndani mlikuwa na masomo yote, pamoja na ya zile siku alizokosa. Kila Jumanne na Alhamisi jioni, mama yake akiisha kurudi, alikwenda kwa mwenziwe wa darasani akanakili kila kilichoandikwa ubaoni, na juu ya ukurasa akaweka tarehe. Katika rejesta alikuwa mtoro wa siku nane. Katika daftari hakukosa hata siku moja.

Jambo hili ndilo lionyeshalo kazi ya mhudumu wa jamii ni nini. Si kazi ya kugawa sadaka, wala si kazi ya polisi. Ni kazi ya kuunganisha pande mbili zisizojuana: nyumba na shule. Mwalimu anamwona mtoto akiwa ndani ya sare yake, mama anamwona akiwa bila sare, na kila mmoja ana nusu ya habari. Mhudumu huziweka nusu mbili pamoja, na mara nyingi dawa huonekana yenyewe.

Katika mfano huu dawa haikuwa ya gharama kubwa. Katika safu ile ya nyumba walikuwako wanawake wengine wanne wenye shida iyo hiyo, nako kulikuwa na bibi mmoja mzee aliyekaa nyumbani na mjukuu wake. Walikutana, wakapatana kumlipa bibi kitu kidogo kila siku ya kuchuma, naye akawashika watoto wote. Mwalimu alifuta maneno yake makali kwa kumwita mama shuleni na kumwonyesha daftari zile mbele ya Mwalimu Mkuu.

Lakini katika kuzungumza huko likatokea jambo la pili, ambalo hakuna aliyelitazamia. Mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa alizaliwa nyumbani. Mambo ya namna hii huonekana madogo mpaka siku yanapohitajiwa. Wizara ya Elimu ilipoanzisha orodha ya wanafunzi ya kompyuta iitwayo NEMIS mwaka 2017, cheti hicho kilitakiwa ili jina la mtoto liingizwe. Na fedha za serikali, ambazo kwa shule ya msingi ziliwekwa kuwa shilingi 1,420 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, zikafuata majina yaliyoingizwa. Mtoto asiye na cheti aliweza kuwa darasani kwa mwili, na asihesabiwe. Mama asiyejua njia za ofisi huogopa kuanza safari hiyo. Mhudumu hufuatana naye mpaka kwa naibu wa chifu kupata barua, na kutoka hapo mpaka kwa msajili. Karani asomaye ukurasa huu anajua jinsi foleni ilivyo ndefu kwa mtu asiyejua dirisha la kwenda.

Si kila shida hutoka katika kulea watoto wachanga. Sababu nyingine kubwa ni njaa. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi alfajiri hawezi kufahamu hesabu saa sita mchana. Atasinzia, naye ataitwa mvivu. Katika jambo hili Ruiru imetoa mfano unaosifiwa mbali. Mwaka 2012 Wawira Njiru, binti wa Ruiru aliyekuwa akisomea elimu ya lishe huko Australia, alifanya karamu ya kukusanya fedha, na kwa fedha hizo akaanzisha jiko la kuwapikia watoto 25 wa shule. Kutoka jiko hilo likakua shirika liitwalo Food4Education, lenye majiko makubwa yanayolisha watoto wengi sana wa shule katika sehemu mbalimbali za Kenya. Mzazi hulipa sehemu ndogo ya bei kwa simu, na mtoto huvaa bangili ambayo huigusisha kwenye mashine, akapewa sahani yake. Hekima ya mpango huo ni kwamba aliyelipiwa na aliyesaidiwa hawajulikani katika foleni. Mtoto ana haya kama mtu mzima, na chakula kinachomtia haya huenda akakikataa ingawa ana njaa.

Mjini Thika nako yako mashirika yaliyojitoa kwa kazi hii. Macheo limejishughulisha na chakula na ustawi wa watoto wa shule za msingi kutoka mitaa maskini. Na Action for Children in Conflict limefanya kazi ya kuwarudisha nyumbani na shuleni watoto waliokuwa wakilala barabarani. Mashirika haya yamejifunza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mtoto haendi barabarani kwa siku moja. Huanza kwa kukosa shule siku moja kwa juma, kisha mbili. Hukaa sokoni mchana, akarudi nyumbani jioni. Halafu jioni moja hairudii nyumba. Kumrudisha aliyekwisha kuzoea barabara ni kazi ya miezi na pengine miaka. Kumzuia akiwa bado katika siku ile ya kwanza ni kazi ya mazungumzo ya jioni moja. Ndiyo maana shule ya msingi ndiyo mahali pa kumkamatia, maana huko bado kuna mtu anayemwita jina kila asubuhi.

Wako pia watoto ambao utoro wao hutokana na miili yao. Mwenye funza miguuni hukataa kuvua viatu mbele ya wenziwe, naye huona afadhali kukaa nyumbani. Msichana aliyefikia umri wa hedhi hukosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa vitambaa. Kwa ajili hiyo Bunge lilibadili Sheria ya Elimu ya Msingi mwaka 2017, serikali ikapewa wajibu wa kuwapa wasichana wa shule visodo bila malipo, ingawa si kila shule imevipata kwa wakati. Na yuko mtoto asiyeona ubao, aliyeitwa mjinga miaka mitatu, kumbe haja yake ilikuwa miwani.

Katika upande huu Thika ina sifa ya zamani. Jeshi la Wokovu lilianzisha huko kazi ya kuwafundisha vipofu mwaka 1946, nayo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya vipofu nchini Kenya. Na mwaka 1962 likafungua Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Tangu mwaka 1984 Kenya imekuwa na vituo vya kupima watoto wenye mahitaji ya namna hiyo, ili ijulikane ni nani aweza kusoma katika shule ya kawaida akisaidiwa kidogo, na ni nani ahitaji shule maalumu. Hata hivyo shule njema haimfai mtoto aliyefichwa chumbani na wazazi wake kwa aibu. Ni lazima apatikane mtu wa kubisha mlango.

Wazo la kubisha mlango si geni duniani. Katika Marekani, kati ya mwaka 1906 na 1907, miji ya New York, Boston na Hartford ilianza kuwa na walimu watembezi, ambao kazi yao ilikuwa kwenda katika nyumba za wahamiaji maskini waliojaa mijini, wakajua kwa nini watoto wao hawasomi. Mwaka huo huo wa 1906 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuruhusu serikali za mitaa kuwapa watoto wa shule chakula. Serikali za Uingereza na za majimbo yale ya Marekani zilikwisha kulazimisha watoto kwenda shule kabla ya hapo. Ndipo zikagundua kwamba amri peke yake haitoshi. Kenya nayo imepita njia iyo hiyo. Chama cha Ustawi wa Watoto kilianzishwa mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, watoto wengi wakiwa wametengana na wazazi wao. Ada za shule za msingi ziliondolewa Januari 2003, na hesabu ya wanafunzi ikaruka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja tu. Milango ilifunguliwa, lakini madarasa yalipofurika, mwalimu mwenye watoto themanini hakuweza tena kujua nyumba ya kila mmoja.

Ubaya wa kutojua huko ulidhihirika mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Madarasa machache yakarudi tarehe 12 Oktoba, na mengine yote Januari 2021. Kote nchini walikuwako watoto ambao hawakurudi. Wavulana walikuwa wamekwisha kuonja fedha za machimbo ya mawe, mashamba na pikipiki. Wasichana wengine walikuwa wajawazito au wamekwisha kuzaa. Sera ya elimu imemruhusu msichana aliyezaa kurudi darasani tangu mwaka 1994, lakini wengi wao hawakujua, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Shule zilizokuwa na mtu wa kuzunguka majumbani zilijua pa kuanzia. Zisizokuwa naye zilibaki na majina tu.

Sasa sheria inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao, afya, na ulinzi dhidi ya mateso. Tena yaweka wajibu wa malezi juu ya baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelishadidia jambo hilo. Basi yule baba aliyekwenda pwani hakuuacha wajibu wake kituo cha basi. Kila kaunti ndogo ina Afisa wa Watoto, anayesaidiwa na watu wa kujitolea walio mitaani. Iko simu ya watoto, nambari 116, isiyolipiwa, ambayo mtoto au mtu mzima aweza kuipiga mchana au usiku. Kwa mtoto aliye katika hatari, Thika ina nyumba ya serikali ya kuokolea watoto. Na kwa jamaa wanaolea yatima katika ufukara, uko msaada wa fedha ulioanza kujaribiwa mwaka 2004, ambao baadaye uliwekwa kuwa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa. Shule ya msingi ya serikali kwa kawaida haina mhudumu wa jamii wake mwenyewe. Iliyo na bahati ina mwalimu aliyekabidhiwa kazi ya ushauri, naye anafundisha vipindi vyake vyote kama wenziwe. Afisa wa Watoto mmoja ana eneo kubwa lenye watu maelfu. Mashirika yanafanya kazi njema, lakini fedha zake nyingi hutoka ng'ambo, na mradi ukifika mwisho mhudumu huondoka, akaacha watoto waliokwisha kumzoea. Kazi inayotegemea msafiri ni kazi yenye mguu mmoja.

Wako wasemao, "Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu; kazi ya wazazi na ifanywe na wazazi." Neno hilo ni kweli, wala hakuna mhudumu mwenye akili anayelipinga. Lakini mama wa Kiandutu hakukataa kumfunza mwanawe. Alikuwa akichuma kahawa ili apate cha kumlisha. Aliyemwondolea kizuizi hakumnyang'anya umama wake, alimrudishia. Wengine huogopa kwamba mhudumu atatangaza siri za nyumba za watu. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana wako watu ambao wakijua shida ya jirani hawalali kabla ya kuisimulia. Ndiyo sababu mhudumu wa kweli hufundishwa kufunga mdomo. Haandiki jina la mtoto mahali pa wazi, wala hamwulizi mambo ya nyumbani mbele ya darasa. Lakini mambo ya kuumizwa kwa mtoto hayafichwi. Hayo hupelekwa kwa Afisa wa Watoto au polisi hata kama mwenye kosa ni mtu mwenye heshima.

Kabla ya siku ambayo kila shule itakuwa na mhudumu wake, liko jambo ambalo kila mtu aweza kulifanya mahali alipo. Mwenye shamba la kahawa asimpokee mtoto kazini siku ya shule, hata akija na mama yake na debe lake mwenyewe. Tena na atenge kibanda na mtu mmoja wa kuwashika watoto wachanga siku za kuchuma. Gharama yake ni ndogo, na mchumaji ambaye moyo wake haumo nyumbani huchuma vizuri zaidi. Mjumbe wa halmashauri ya shule na aombe rejesta isomwe katika mkutano si kwa jumla tu, bali kwa majina ya waliokosa siku tatu na zaidi, na kila jina lipate mtu mmoja wa kwenda kubisha. Karani aliyepanga nyumba Ruiru, akimwona mtoto wa mlango wa tatu akiwa uani saa nne asubuhi, asipite kimya kwa kudhani si kazi yake. Swali la upole, "Leo hukwenda shule, mwanangu?" halimvunjii mtu heshima.

Ama yule mvulana wa mfano, msomaji asidhani mambo yake yalinyooka yote. Mwezi wa Januari bibi mzee alihamia kwa mwanawe, na mpango wa akina mama watano ukavunjika. Jumanne moja mahali pa mvulana pakawa patupu tena. Mwalimu alitia alama yake katika rejesta kama ilivyo desturi. Lakini safari hii hakuandika barua. Saa ya mapumziko alimtuma mtoto wa jirani kuuliza kama nyumbani kuna shida, na jioni akapita mwenyewe, daftari mkononi. Mkono mmoja haulei mwana. Nao mkono wa pili, kwa mtoto yule, ulikuwa umekwisha kujua mlango ulipo.